James Dewar, mtu aliyefungia baridi ndani ya chupa, na somo analoachia glasiere za Kolwezi

KOLWEZI – Kila asubuhi, mbele jua halijapanda sana, glasiere hutoka majumbani katika komini za Dilala na Manika. Zingine ni za plastiki ngumu, zenye mfuniko na mkono wa kubebea. Zingine ni masanduku meupe ya povu jepesi, yaliyofungwa kwa kamba juu ya pikipiki. Ndani mwake kuna maji ya mifuko, jusi, samaki wa ziwa Nzilo, ao tomsoni wa barafu waliopitia Kasumbalesa na kusafiri zaidi ya kilometa 300 ndani ya kamio.

Jioni glasiere hizo hurudi tupu, na mara nyingi hurudi na harufu. Mwenye kuuza anajua kama harufu hiyo ni hasara. Mteja anayefungua mfuniko na kusikia harufu ya samaki wa juzi hatanunua jusi ya leo. Na kama atanunua, anaweza kupata kitu kibaya kuliko harufu: kuhara, tifoidi, ao kolera.

Nyuma ya kila glasiere inayotembea Kolwezi, na nyuma ya kila termosi ya chai inayouzwa alfajiri kwa wachimbaji wanaokwenda kazini, kuna kazi ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliitwa James Dewar, mwana wa Scotland. Hakufika Katanga hata siku moja. Lakini mambo matatu yaliyojulikana kupitia maabara yake yanagusa kila mama anayeuza kitu baridi: namna ya kuzuia joto lisiingie, sababu gani baridi haiui mikrobu, na namna makala inavyomeza hewa yenye harufu.

Mtoto aliyeanguka katika barafu

James Dewar alizaliwa tarehe 20 Septemba 1842 huko Kincardine, mji mdogo wa bandari kando ya mto Forth. Baba yake, Thomas, alikuwa mwuza divai. James alikuwa kitinda mimba katika nyumba iliyojaa watoto wa kiume.

Akiwa na umri wa miaka 10 hivi, wakati wa baridi kali, alitembea juu ya maji yaliyoganda. Barafu ikapasuka, akazama. Alitolewa akiwa hai, lakini homa ya viungo ilimshika na kumlaza kwa muda mrefu. Mikono na miguu ilikataa kufanya kazi sawasawa, na masomo yakasimama.

Katika miezi hiyo ya ugonjwa alienda kukaa karibu na seremala wa pale kijijini, akajifunza kutengeneza fidla. Kazi ile ilirudisha nguvu katika vidole vyake. Fidla moja aliyoandika jina lake na mwaka wa 1854 ilidumu maisha yake yote, na ilipigwa katika sikukuu ya miaka 50 ya ndoa yake. Akiwa mzee mwenye sifa kubwa, Dewar alizoea kusema kama ufundi wake wote wa maabara ulianzia kwenye meza ya seremala, si katika darasa la chuo.

Akiwa na miaka 15 alikuwa amekwisha kuwa yatima. Alisoma shule huko Dollar, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alimsaidia mwanakemia Lyon Playfair. Mwaka wa 1867 alivuka bahari na kwenda Ubelgiji, katika mji wa Ghent, kufanya kazi kwa muda mfupi na August Kekulé, mmoja wa wanakemia wakubwa wa wakati huo. Mwaka wa 1871 alimuoa Helen Rose Banks. Hawakupata mtoto, lakini waliishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Kazi mbili, miji miwili

Mwaka wa 1875 Dewar alipewa cheo cha profesa huko Cambridge. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1877, alichaguliwa pia kuwa profesa katika Royal Institution ya London, nyumba ya sayansi ambamo Michael Faraday aliwahi kufanya kazi. Alishika vyeo vyote viwili mpaka siku ya kufa, lakini moyo wake ulikuwa London. Cambridge hawakumpenda sana, naye hakujificha kama hakuwapenda.

Mwaka ule ule wa 1877, watu wawili, Louis Cailletet huko Ufaransa na Raoul Pictet huko Uswisi, walifaulu kugeuza oksijeni kuwa matone, kila mmoja kwa njia yake. Mpaka hapo wengi waliamini kama kuna hewa zisizokubali kamwe kuwa maji. Mwaka wa 1883, huko Kraków katika nchi ya Poland, Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski walipata oksijeni ya maji iliyotulia ndani ya chombo. Dewar alifuata njia hiyo, akajenga mitambo mikubwa zaidi, na akaanza kuonyesha hewa ya maji mbele ya watu wa London.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Hewa ikisukumwa kwa nguvu katika nafasi ndogo, inapata joto. Ukiiondolea joto hilo na kisha kuiachia ghafula kupitia tundu dogo, inapoa sana. Kila mtu aliyefungua chupa ya gazi na kuona mdomo wake ukitoa jasho la baridi amekwisha kuona jambo hilo kwa macho. Dewar alirudia kazi hiyo mara nyingi, baridi juu ya baridi, mpaka hewa ikawa maji.

Lakini kazi ile ilikuwa ya hatari. Vyombo vilipasuka. Wasaidizi wake wawili wa miaka mingi, Robert Lennox na J. W. Heath, kila mmoja alipoteza jicho moja katika milipuko ya maabara. Jina la Dewar lilipanda; majina ya hao wawili yalibaki kwenye pembe za vitabu.

Chupa ya mwaka wa 1892

Kupata oksijeni ya maji ni jambo moja. Kuitunza ni jambo lingine. Inachemka kwenye digrii 183 chini ya sifuri. Ndani ya glasi ya kawaida, joto la chumba linaingia pande zote, na maji yale yanachemka na kutoweka, huku ukungu wa barafu ukifunika glasi na kuficha kila kitu.

Mwaka wa 1892 Dewar alipata jibu. Alichukua chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zilizoungana kwenye shingo tu. Kisha akatoa hewa yote iliyokuwa katikati yao. Joto husafiri kwa njia tatu: kwa kugusana, kwa hewa inayotembea, na kwa miali kama ile ya jua. Mahali pasipo na hewa, njia mbili za kwanza zinakatika karibu kabisa. Kwa kukata njia ya tatu, alipaka kioo rangi ya fedha ili kiwe kama kioo cha kujitazamia, na miali ikarudishwa ilikotoka. Oksijeni ya maji ikatulia. Watu waliokuja kumsikiliza waliona maji yenye rangi ya buluu hafifu yakikaa kimya ndani ya chombo, bila kuchemka.

Glasiere ya leo ni mtoto wa wazo hilo, ingawa ni mtoto dhaifu. Haina nafasi tupu. Ina povu lenye vitundu vidogo sana vilivyofunga hewa isiyoweza kutembea. Ndiyo maana ukuta wa glasiere ukipasuka, hasara ni mbili. Joto linapata njia, na maji machafu ya samaki yanaingia ndani ya povu, mahali ambapo sponji haifiki. Glasiere ya namna hiyo itaoshwa asubuhi na jioni, na bado itanuka.

Mwaka huo wa 1892 ulikuwa mgumu kwa nchi ambayo leo ni jimbo la Lualaba. Mfalme Msiri alikuwa ameuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, na wanajeshi wa msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme Léopold II. Katika mwaka wa 1892 mwenyewe, mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alitembea Katanga akichunguza mawe yake na kuandika habari za shaba. Mtu mmoja huko London alikuwa akifunga baridi ndani ya kioo. Watu wengine walikuwa wakifungua ardhi ya Katanga. Mji wa Kolwezi wenyewe ulikuja baadaye sana, mwaka wa 1937.

Shaba ndani ya baridi

Shaba nayo ilifika mezani pa Dewar. Kwa miaka kadhaa kuanzia 1892, yeye na mhandisi John Ambrose Fleming walichukua nyuzi za madini mbalimbali, shaba ikiwa kati yao, wakazitumbukiza katika hewa ya maji na kupima namna umeme unavyopita. Waliona kama madini safi yakipoa, umeme unapita kwa urahisi zaidi na zaidi. Shaba iliyochanganyika na madini mengine haikubadilika sana. Shaba safi ilibadilika mara nyingi. Kipimo hicho kilikuwa mlango. Mwaka wa 1911, huko Uholanzi, ilionekana kama zebaki iliyopozwa sana inapitisha umeme bila kizuizi chochote.

Mwaka wa 1898 ulimpa Dewar ushindi wake mkubwa. Tarehe 10 Mei aligeuza hidrojeni kuwa maji, kiasi cha santimeta 20 za ujazo, yaani kama vijiko vinne vidogo, kwenye digrii 253 hivi chini ya sifuri. Mwaka uliofuata akaigandisha kabisa. Hakuna mtu mbele yake aliyefika katika baridi ya namna hiyo.

Mikrobu hulala, hazifi

Kwa mwenye glasiere, kazi iliyo na faida zaidi katika hadisi hii si ya Dewar mwenyewe, ila ni ya daktari aliyekuja kuomba hewa yake ya maji. Aliitwa Allan Macfadyen. Mwaka wa 1900, pamoja na Sydney Rowland, alichukua mikrobu za namna nyingi, zikiwemo za tifoidi na za kolera, akaziweka katika baridi ya hewa ya maji, digrii 190 hivi chini ya sifuri. Kwanza saa 20, kisha siku 7. Baadaye, kwa msaada wa Dewar, walizitia katika baridi ya hidrojeni ya maji kwa saa 10.

Mikrobu zilipotolewa na kupashwa joto, zikaanza tena kuzaana. Kulikuwa na mikrobu zingine zinazotoa mwangaza kama kimulimuli. Ndani ya baridi mwangaza ulizima. Zilipoyeyuka, mwangaza ukarudi. Macfadyen mwenyewe alikufa mwaka wa 1907, baada ya kuambukizwa katika maabara na magonjwa aliyokuwa akiyachunguza.

Hapo ndipo kosa kubwa la wengi linaonekana wazi. Watu wengi wanafikiri kama barafu husafisha. Haisafishi. Baridi ya glasiere, ambayo ikiwa nzuri hufika digrii chache tu juu ya sifuri, inachelewesha mikrobu tu. Kama barafu ilitengenezwa kwa maji machafu, uchafu ule utangoja ndani ya barafu, na utaamka katika glasi ya jusi. Kama maji ya samaki yalibaki kwenye pembe za glasiere tangu jana, barafu ya leo itayalaza kidogo tu. Saa ya mchana, barafu inapoyeyuka na mfuniko unapofunguliwa kila dakika, yanaamka. Harufu ni habari inayoletwa na mikrobu kama zimekwisha kuamka.

Jina lilikwenda kwa wengine

Dewar hakuandikisha chupa yake. Hakuomba hati ya uvumbuzi, ile ambayo wengi huita breve. Kwake ilikuwa chombo cha maabara, si mali ya kuuza.

Huko Berlin, fundi wa kioo aitwaye Reinhold Burger aliona jambo lingine. Kama chupa inaweza kuzuia joto lisiingie, inaweza pia kulizuia lisitoke. Alitia kioo kile dhaifu ndani ya gamba la chuma ili kisivunjike haraka, akapata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1903, na mwaka wa 1904 kampuni ya Thermos ikaanza. Jina lilitoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya joto. Muda si mrefu chupa hizo zikaenda pamoja na wasafiri wa nchi za barafu na wa nchi za jua. Leo neno termosi linajulikana mpaka katika vijiji vya Lubudi na Mutshatsha.

Dewar alikasirika, lakini bila hati hakuwa na silaha ya kisheria. Kila mtu alikubali kama wazo ni lake. Feza zilikwenda kwa wengine. Wavumbuzi wengi wadogo wa Kongo, mafundi wanaotengeneza mashine kwa vyuma vya zamani, wanaijua hasara hiyo. Mwaka ule ule wa 1904 serikali ya Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Sir James.

Makala ya kifuu cha nazi

Mwaka wa 1905 Dewar alionyesha jambo ambalo kila jiko la Kolwezi lingeweza kulifurahia. Tangu miaka ya 1870, pamoja na mwenzake Peter Guthrie Tait, alikuwa amekwisha kuona kama makala inavuta hewa. Sasa alichukua makala iliyotengenezwa kwa kifuu cha nazi, akaipoza kwa hewa ya maji, na kuona kama inameza hewa nyingi ajabu, kiasi cha kusafisha nafasi tupu kuliko pampu yoyote ya wakati huo. Makala ikipashwa joto tena, inaitapika hewa ile.

Sababu iko katika umbo la makala. Kuni ikiungua bila hewa ya kutosha, kinachobaki ni kitu kilichojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukipanua vitundu vyote vya kipande kidogo, ungepata uwanja mkubwa. Hewa inagusa kuta za vitundu na kushikwa pale. Kwa sababu ya makala, iliwezekana pia kutengeneza chupa za chuma pahali pa kioo, kwani makala iliyowekwa katikati ya kuta ilimeza hewa kidogo iliyobaki.

Harufu nayo ni hewa. Vipande vya makala kavu vilivyofungwa katika kitambaa safi na kuachwa ndani ya glasiere iliyofungwa kwa usiku mmoja ao miwili vinapunguza harufu iliyobaki baada ya kuosha. Makala ya jikoni haina nguvu sawa na ile inayotayarishwa kiwandani, lakini inasaidia, na bei yake ni ndogo. Ikishiba, inaanikwa juani ao inapashwa joto kando ya moto, na nguvu yake inarudi kwa sehemu. Jambo moja halibadiliki: makala haioshi. Ikiwekwa katika glasiere chafu, itachoka mbele harufu haijachoka.

Mbio aliyoshindwa

Baada ya hidrojeni, ilibaki heli peke yake, hewa ngumu kuliko zote. William Ramsay alikuwa ameipata duniani mwaka wa 1895, na Ramsay alikaa London, karibu kabisa na Dewar. Kama wawili hao wangeshikana mikono, kazi ingekwisha mapema. Lakini walichukiana. Dewar alikuwa mwepesi wa hasira, mwenye kubishana mbele ya watu, na hakusahau neno baya. Ramsay alikuwa na heli safi. Dewar alilazimika kuitafuta katika hewa itokayo kwenye chemchemi za moto za mji wa Bath. Heli hiyo ilichanganyika na neoni, na neoni iliganda na kuziba mabomba ya mashine yake.

Tarehe 10 Julai 1908, huko Leiden katika nchi ya Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kugeuza heli kuwa maji, kwenye digrii 269 chini ya sifuri. Alitumia chupa za namna ya Dewar na hidrojeni ya maji iliyotayarishwa kwa njia iliyofunguliwa na Dewar. Mwaka wa 1913 Onnes akapewa tuzo ya Nobel. Dewar alipendekezwa kwa tuzo hiyo mara kadhaa, hakuipata kamwe.

Kushindwa huko kulimfanya awe mkali zaidi. Alimtupia lawama Lennox, mtu aliyempa miaka mingi na jicho lake moja. Lennox akaondoka, na hakukanyaga tena mahali pale wakati Dewar alipokuwa hai. Chupa ya Dewar ilijua kutunza. Mwenye chupa hakujua kutunza watu wake.

Povu la sabuni

Vita ya 1914 ilipoanza, feza na vijana wa maabara vilikwisha. Kazi ya baridi kali ikasimama. Dewar, akiwa na zaidi ya miaka 70, aligeukia kitu ambacho kila mtoto anakijua: povu la sabuni. Alipuliza mapovu makubwa ndani ya vyombo safi, mahali pasipo na vumbi wala upepo, na kuyachunguza. Povu ambalo mtoto huliona likipasuka kwa dakika moja, yeye alilifanya lidumu kwa miezi. Siri haikuwa sabuni ya bei kubwa. Siri ilikuwa usafi wa chombo, usafi wa hewa, na utulivu.

Alikufa London tarehe 27 Machi 1923, akiwa na miaka 80, akiwa bado profesa katika nyumba ile ile aliyoingia mwaka wa 1877. Siku hizi, chombo cha maabara cha kutunzia vitu vya baridi kali kinaitwa kwa jina lake katika lugha nyingi, na hospitali hutumia wazo lake kusafirisha chanjo zinazohitaji baridi.

Namna ya kutunza glasiere, kutokana na kazi hizo

Kwa wakaaji wa Kolwezi, Fungurume, Likasi na miji mingine ya eneo la shaba, ambako umeme hukatika na frigo hugeuka kabati, glasiere si chombo cha matembezi. Ni chombo cha kazi. Mambo yafuatayo ni machache na hayaombi feza nyingi.

Kwanza, kuosha siku ile ile. Maji yote yamwagwe, tundu la chini lifunguliwe, kisha glasiere isuguliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji yanayochemka hayafai, kwani yanaweza kupinda plastiki na kufungua viungo vyake. Sehemu tatu zinasahauliwa mara nyingi: mpira wa mfuniko, tundu la kutolea maji, na pembe za chini. Mswaki wa zamani unafika pale.

Pili, kuondoa harufu. Vijiko viwili vikubwa vya bikarbonati katika litri moja ya maji vinapakwa ndani na kuachwa kwa dakika 15 hivi, kisha vinaoshwa. Vinegre ao ndimu nayo inasaidia harufu ya samaki.

Tatu, kuua mikrobu. Kijiko kikubwa kimoja cha javeli katika litri 4 za maji safi kinatosha baada ya kuosha kwa sabuni. Javeli isichanganywe kamwe na vinegre wala ndimu. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na watoto ndio wanaoumia mbele ya wengine.

Nne, kukausha. Jua la Kolwezi ni dawa isiyouzwa. Glasiere ikae wazi juani mpaka ikauke kabisa, kisha itunzwe ikiwa na mfuniko uliofunguliwa kidogo. Glasiere iliyofungwa ikiwa na unyevunyevu itaota ukungu hata kama iliooshwa vizuri. Hapo ndipo makala katika kitambaa inapata kazi yake.

Tano, kutenga. Samaki na nyama visikae pamoja na vinywaji. Kama kuna glasiere moja tu, samaki wafungwe katika ndoo yenye mfuniko, wakae chini, na vinywaji vilivyofungwa vikae juu. Barafu iliyogusa samaki isitiwe katika glasi ya mtu. Bidoni ao chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa ni bora kuliko barafu tupu, kwa kuwa zikiyeyuka maji hayamwagiki.

Mwisho, kujua saa. Chakula kinachohitaji baridi kinapaswa kukaa chini ya digrii 5. Kikikaa saa mbili katika joto la mchana, hasa Septemba na Oktoba, hatari inaanza, hata kama hakijanuka. Mikrobu za tifoidi na za kolera hazitoi harufu. Pua inasaidia, lakini haitoshi.

Katika soko, jioni, wateja hawaulizi habari za hidrojeni wala za Royal Institution. Wanafungua mfuniko, wanainamisha kichwa, wanasikia kama kuna harufu, kisha wanaamua. Mwenye glasiere safi anauza mpaka chupa ya mwisho. Mwenye glasiere inayonuka anarudi nyumbani na mzigo wake, barafu yote imeyeyuka.